Alphonsine, mfua nguo za damu aliyebakiwa na mrija mmoja

Jua halijapanda juu ya mabati ya Ngezi, na Alphonsine tayari ana mikono ndani ya maji hadi viwikoni. Maji yenyewe ni baridi ya kuuma mifupa, yamelala nje kwenye pipa. Makaa yapo, sufuria ipo, lakini hapashi maji. Si uvivu.

"Damu haipendi maji ya moto," anasema bila kuinua kichwa. "Ukiitia maji ya moto unaipika. Inashika mu nguo, haitoki tena mupaka nguo ioze."

Mbele yake kuna beseni tatu juu ya sakafu ya saruji, nyuma ya kliniki ndogo ambayo watu wa Bunia wanaijua kwa mwembe wake uliokatwa na kubaki kisiki. Beseni ya kwanza ina maji na chumvi. Ya pili ina sabuni. Ya tatu ina dawa ya kuua vijidudu, ile inayokausha vidole vikapasuka kama udongo wa kiangazi. Nguo ni za kijani, nzito, nyingine zina tundu la mraba katikati. Pale kwenye tundu ndipo mkono wa daktari unapopita.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Patience, anatokea mlangoni na furushi kifuani.

"Mama ya sabuni, jambo! Nimekuletea zawadi."

"Zawadi yako naijua kwa harufu."

"Leo ni nyepesi. Ni hernia ya muzee, ngiri tu."

Alphonsine analipima furushi kwa mkono mmoja, anatikisa kichwa kukubali, analitumbukiza. Ana umri wa miaka thelathini na mmoja. Analipwa dola sitini kwa mwezi, na kama anavyosema mwenyewe, miezi mingine pale ina siku hamsini. Lakini kazi hii, anasema, ndiyo iliyomfundisha tumbo lake mwenyewe.

Alizaliwa Djugu, kwa watu wa shamba, watu wa mihogo na maharagi. Vita vilipofika kijijini walitoka na walichokuwa wamevaa. Mama yake aliugua njiani na kuzikwa kwenye ardhi ya watu wasiowajua. Alphonsine aliingia Bunia akiwa binti wa kubeba makaa kichwani kwa malipo ya siku, na kwenye makaa hayo ndiko Bienvenu alikomkuta.

Bienvenu ni mwana wa Mahagi, wa familia ya Kikatoliki ya wachuuzi wa samaki wa ziwani. Anapasua mbao Mambasa, porini, hukaa huko miezi kabla ya kurudi. Walipooana walipanga nyumba ya udongo kata ya Rwambuzi, na mama yake Bienvenu, Mama Annette, akahamia kwao na vikapu vyake vya samaki wakavu.

"Tuliishi vizuri," anasema Alphonsine. "Mama alikuwa ananiita mutoto yangu mbele ya batu. Hata nikiunguza mboga ya sombe, anakula, anasema moshi ni dawa ya minyoo."

Miaka miwili iliyopita alianguka bombani, ndoo ikamwagika juu yake. Majirani walidhani ni njaa. Kumbe mimba ilikuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi, ndani ya ule mrija mwembamba unaopitisha yai, ikakua pasipo nafasi, mrija ukapasuka. Walimfikisha hospitali macho yamegeuka. Walimpasua kutoka kitovuni hadi chini, wakaukata mrija uliopasuka, wakautoa.

Muuguzi mmoja akaubeba kwenye sahani ya chuma, akautoa nje kuwaonyesha ndugu, kama ilivyo desturi huku, ili mtu aone kwamba mgonjwa wake hakupasuliwa bure. Mama Annette hakuishia kuona. Aliuomba. Kwao, kilichotoka tumboni mwa mke wa mtoto hakitupwi. Mama mkwe hukifunga kwenye jani, hukizika mgombani kwa mikono yake, ili tumbo lijue kwamba kimelala na lisiendelee kukitafuta.

Akakizika nyuma ya nyumba, Rwambuzi, chini ya mgomba wa pili kutoka chooni. Akapawekea jiwe.

Alphonsine alipona polepole. Makaa hayakubebeka tena. Alikwenda kuulizia kazi kwenye kliniki ya Ngezi, akapewa beseni.

Pale, kwa kufua, alianza kuona. Kuna wanawake ambao nguo zao zilitoka chumba cha upasuaji nzito kama ngozi ya ng'ombe mbichi. Aliuliza, Patience akamweleza: hawa walichelewa, kama ulivyochelewa weye. Halafu mwaka jana ikaletwa mashine ya kamera, na nguo za aina nyingine zikaanza kufika. Daktari hutoboa tundu dogo kitovuni na mengine mawili madogo chini, tumbo likajazwa hewa kama mpira, kamera ikaingia, na yeye akafanya kazi akitazama televisheni. Nguo hizo zilikuwa na madoa ya kufunikwa na kiganja.

"Nilikuwa nafula nasema, kumbe mutu anaweza kuwahi," anasema. "Siri ni kuwahi tu. Kuja ukingali unatembea."

Mwezi wa tatu mwaka huu siku zake zilichelewa. Kisha akaona damu kidogo, nyeusi nyeusi, na maumivu upande mmoja kama mtu anayemfinya kwa kucha. Upande uleule wa mrija uliobaki.

Hakuwa na wa kumwuliza. Mama Annette alikuwa ameshuka Mahagi kwenye matanga. Bienvenu alikuwa amerudi porini majuma machache tu yaliyopita, na simu yake ilikuwa inasema maneno yaleyale ya kutopatikana. Kwa desturi, mke hapasuliwi bila neno la upande wa mume. Alphonsine alikaa kitandani asubuhi hiyo, mkono juu ya ubavu, akifikiri. Halafu akavaa kitenge akatembea kwa miguu yake hadi kazini, siyo kufua.

Dokta Liévin, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alimpima kwa picha ya tumbo na kwa damu. Mimba ilikuwa imeshika ndani ya mrija. Ilikuwa bado ndogo. Mrija ulikuwa haujapasuka.

"Nilimwambia dokta, hiyo ni moja tu ndiyo imebakia. Ukiitosha, ukiikata, mimi nimekwisha."

Daktari anakumbuka. "Nilimweleza ukweli," anasema. "Mtoto huyu hawezi kuishi pale alipo, na akiachwa atamwua mama. Lakini kwa kuwa amewahi, tunaweza kuufungua mrija, kumtoa, na kuuacha mrija mahali pake. Sikumwahidi. Mrija ukivuja damu tukashindwa kuizuia, ningeukata. Alikubali, akatia kidole kwenye karatasi."

Haukukatwa. Kilichotoka kilikuwa kidogo kama punje ya haragi, kikawekwa kwenye chupa, kikapelekwa kupimwa. Siku ya pili Alphonsine alikuwa amekaa. Patience alikuwa amefua zile nguo mwenyewe, akaja kumchokoza kitandani:

"Ati ni kazi hii unalalamikaka kila siku? Nguo zako zote zimeenea mu beseni moja. Nimefula nikiimba."

Alphonsine alicheka, akajishika tumbo. Ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa muda mrefu.

Mama Annette alirudi kutoka Mahagi akiwa amekwisha kusikia. Alikuta mkaza mwana wake nyumbani, akafanya yampasayo mama mkwe. Aliwasha moto, akapasha maji, akatafuta kitambaa laini, akamwita uani kwenye ua wa mabua amkande. Na kabla ya hapo alikuwa amechukua jembe akachimba shimo, kando ya lile jiwe la kwanza, la kimo cha mkono.

Alimvua kitenge, akainama. Lile kovu la zamani lilikuwepo, refu, linang'aa. Akatafuta jipya. Akampindua kwenye mwanga. Akaona vitone vitatu, kama mtu aliyechomwa na miiba.

"Kidonda iko wapi?"

"Ni ile, mama. Balipitisha kamera."

"Nimekuuliza kidonda. Hii ni bidudu imekuuma."

"Bega ndiyo inauma sana, mama. Juu ya ile hewa balitia mu tumbo."

"Batu banapasuliwa tumbo, weye unauguza bega?" Mama Annette akasimama, kitambaa kinachuruzika mkononi. "Sawa. Na ile kitu balitosha, iko wapi? Nimekwisha kuchimba."

"Iko mu chupa. Baliipeleka kupima."

"Chupa gani? Nani ya kwetu aliiona?"

Wa kwao hakuna aliyeiona. Mama Annette alimwaga maji yale yote kwenye udongo, bado yana moshi, akaingia ndani.

Kwa mama yule hesabu ilikuwa fupi. Mke hana mume nyumbani. Amekwenda kliniki peke yake bila kuuliza mtu. Amerudi hana kidonda, hana kilichotolewa, hana shahidi. Mwanamke wa namna hiyo huku huitwa jina moja tu: mtoa mimba, na mimba hutolewa ikiwa si ya mwenye nyumba.

Simu ya Mambasa ilipokubali, Mama Annette alizungumza na mwanawe uani, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. Alphonsine alikuwa ndani anachambua mchele. Alisikia: "Muke wako ametosha mimba, na tumbo amelidanganya." Baada ya hapo Bienvenu hakumpigia. Alipopiga yeye, simu iliita ikakatika, ikaita ikakatika.

Kuanzia hapo mama mkwe hakula chakula cha mkono wake. Alijipikia samaki wake kwenye mafiga yake. Jina la mutoto yangu lilikwisha, likaja "ule muke". Lakini kilichomwumiza Alphonsine zaidi ya jina lilikuwa lile shimo. Mama Annette hakulifukia. Mvua ilinyesha, shimo likajaa maji. Jua likawaka, likakauka, likafanya nyufa. Kila akienda chooni, Alphonsine alipita kando yake.

"Usifikiri mama alikuwa mubaya," anasema, akikamua nguo kwa nguvu ya mikono yote miwili. "Aliogopa. Alikuwa anaona tumbo yangu itatafuta ile kitu mupaka mwisho wa dunia. Alitaka bajukuu. Na mimi nataka nini? Kitu ileile."

Daktari alimpumzisha kazi na kumwita afike kila juma kupimwa damu, kuhakikisha kwamba hakuna mabaki yanayoendelea kukua mrijani. Mama Annette akaona tu mwanamke anayerudi kliniki kila juma, akazidi kuamini lake. Mwishowe akasema liwe liwalo. Asubuhi moja ya mwezi wa tano, Alphonsine alipokuwa amekwisha kurudi kazini, Mama Annette alijifunga kitenge cha kanisani, akamfuata nyuma kwa miguu hadi Ngezi, akamtaka daktari.

"Niko mama ya Bienvenu. Nataka chupa."

Daktari hakuweza kumwona. Wakati uleule pikipiki ilikuwa imeingia na mwanamke aliyefungwa katikati ya watu wawili kwa kitenge asianguke. Walitoka njia ya Djugu. Njia ilikuwa imefungwa, walilala njiani, wakaivuka palipokucha. Ilikuwa mimba ya mrijani, imekwisha kupasuka tangu jana yake. Kamera haikuguswa. Tumbo lililojaa damu, anasema Dokta Liévin, halisubiri kamera.

Mama Annette alielekezwa akae nyuma asubiri. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkoba magotini, mgongo umeelekea beseni za mkaza mwana wake.

Furushi la kwanza lilitoka. Kisha la pili. Patience hakuwa na mizaha siku hiyo, alitupa tu na kurudi mbio. Alphonsine alitia nguo kwenye maji ya chumvi, maji yakageuka. Akamwaga, akatia mengine, yakageuka. Alipoinua nguo iliyolowa alijishika ubavu, akainama, akabaki ameinama.

Mama Annette aligeuka. Alitazama kidogo. Halafu akaning'iniza mkoba kwenye msumari, akakunja kitenge cha kanisani hadi magotini.

"Wacha. Usinyanyue."

"Mama, utajichafua."

"Nimefula damu kabla weye kuzaliwa. Sogea."

Akatia mikono. Alifua kama afuavyo mtu wa ziwani, kwa kupiga nguo juu ya saruji. Furushi la tatu likaja. Maji yalitiririka kwenye mfereji, mekundu, yakapita karibu na ndala zake.

"Hii ni nguo ya batu ngapi?"

"Mumoja, mama. Ule wa pikipiki."

"Mumoja?"

"Ni ugonjwa ileile yangu. Yeye amechelewa."

Mama Annette alisuuza nguo ile mara nyingine, na nyingine tena. Kisha, macho yake majini, aliuliza kwa sauti ya chini:

"Na zako?"

"Zilienea mu beseni moja. Patience alizifula peke yake."

Patience mwenyewe alitoka wakati huo, mikono mitupu. Hakuwa na furushi. Alikaa kwenye kisiki cha mwembe, akavua kofia yake ya kitambaa, akafuta nayo uso. Walielewa.

Haukupita muda, mwanamke mmoja wa makamo akapita uchochoroni kuelekea lango, ameshika sahani ya chuma iliyofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa mama mkwe wa marehemu. Nyuma yake wanaume wanne walibeba machela. Mama Annette alisimama, mikono inachuruzika, akaangalia sahani, akaangalia machela, hadi lango likafungwa.

"Yeye balimupa kipande," alisema. "Na mutu muzima juu yake."

Alichukua mkoba wake kwenye msumari. Patience akamkumbusha kwamba daktari sasa ana nafasi, anaweza kumweleza habari ya chupa.

"Mwambie apumzike," alijibu Mama Annette. "Nimekwisha kuona."

Walirudi Rwambuzi pamoja. Jioni hiyo alikula ugali wa mkono wa Alphonsine. Akasema mboga ina chumvi nyingi, na Alphonsine anasema hajawahi kusikia lawama tamu kama ile.

Si kwamba yote yamepona. Bienvenu alipiga simu juma lililofuata, akazungumza na mama yake kwanza, kwa muda mrefu. Kwa mkewe alisema maneno machache: kwamba mama amemweleza habari ya nguo, kwamba atakuja mbao zikipata gari. Mbao hazijapata gari. Njia ya Mambasa leo inafunguliwa, kesho inafungwa, na watu wanaoipita huaga kama wanaokwenda vitani. Jirani mmoja bado anamwita kwa lile jina la mtoa mimba, akiwa upande wa pili wa ua.

Vipimo vya damu vimekwisha, mabaki hayapo. Lakini daktari hamfichi. "Mrija uliookolewa si mrija mpya," anasema. "Mama mkwe wake alimtafutia kovu nje. Kovu lake liko ndani, na mimi siwezi kujua limezibaje. Anaweza kupata mtoto. Mimba inaweza pia kushika palepale kwa mara nyingine. Nimemwambia yote mawili."

Alphonsine ameyasikia yote mawili. Anayaeleza akiwa ananing'iniza nguo za yule mzee wa hernia, upande wenye madoa umeelekea jua, kwa sababu jua humalizia alichobakiza mkono. Mpango wake ni mmoja. Mume akirudi, na siku zake zikachelewa hata kidogo, atakuja hapa siku hiyohiyo akitembea, hatasubiri simu ya Mambasa, hatasubiri matanga yaishe.

"Safari hiyo mama amesema tutakuja naye. Atakaa mulangoni, aone mwenyewe. Kama imeshika mu nafasi yake, atakuwa wa kwanza kujua. Kama imeshika njiani..." Anaifunga nguo kwa kibanio. "Basi tutakuwa tumewahi."

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alimkuta Mama Annette mgombani na jembe, bado amevaa kitenge cha kanisani. Alikuwa anarudisha udongo ndani ya lile shimo na kuukanyaga kwa mguu.

"Mama, unazika nini?"

"Siziki kitu," Mama Annette alimjibu, akikanyaga. "Ninafunika. Shimo ikikaa wazi bure, inaita mutu."